Fundi wa Gosforth

Msalaba wa Gosforth ni mwembamba mno. Urefu wake ni kama mita 4.4, umechongwa kwa jiwe jekundu la mchanga, na uko nje, makaburini, kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria katika kijiji cha Gosforth, Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Upande mmoja kuna milima, upande wa pili Bahari ya Ireland, na mvua ya huko haingoji masika. Ulisimamishwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 10. Mtu aliyewahi kusimamisha hata nguzo ya ua anajua kwamba kitu kirefu chembamba hutafuta sababu ya kulala chini. Huu umekataa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nauanza kwa wembamba wake kwa sababu hapo ndipo fundi alipojitia matatani kwa hiari. Misalaba mingi ya zama zile ni minene, imekaa kitako. Yeye alitaka umbo linalopanda. Nusu ya chini ya shina aliifanya mviringo. Alipofika katikati akaigeuza iwe na pande nne, kisha akazipunguza pande hizo kidogo kidogo hadi kwenye kichwa chenye duara. Kutoka mviringo kwenda mraba juu ya shina lilelile, bila kuacha kovu pale maumbo mawili yanapokutana, ni kazi ya kumtoa jasho hata fundi mwenye mashine za leo. Yeye alikuwa na nyundo, tindo, kamba ya kupimia, na pengine kekee kwa vishimo vya ndani. Akazishusha zile pande nne juu ya mviringo kwa mikato ya nusu duara, na sehemu ya juu ya mviringo akaijaza nakshi ya magamba yanayolaliana. Wapo wanaoona humo gome la Yggdrasil, mti mkubwa ambao watu wa Skandinavia waliamini unashikilia ulimwengu wote. Siwezi kuwalazimisha wengine waone hivyo, lakini mimi naona mti.

Jiwe la mchanga lina tabia ambayo mafundi wa pwani yetu wangeitambua mara moja. Likitoka machimboni lina unyevu ndani yake, na linakubali tindo. Likikaa juani na upeponi, unyevu ule unatoka, na uso wake unakomaa na kuwa mgumu. Matumbawe laini yaliyochongwa mihirabu ya misikiti ya Waswahili, kama ule wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yalitaka haraka hiyohiyo: yalitolewa baharini mabichi na kuchongwa kabla hayajakauka. Mafundi wa pande hizi mbili hawakujuana, wala hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ila wote walifanya kazi yenye subira nyingi kwenye jiwe lisilosubiri, na nadhani ndiyo maana mistari yao ina uhakika ule. Mkono unaositasita huonekana.

Uhakika huo unajionyesha zaidi kwenye misuko. Sehemu kubwa ya misalaba hii imefunikwa kwa nyuzi za jiwe zinazopita juu, zikapita chini, zikapita juu tena, bila mwanzo wala mwisho. Aliyekaa barazani akamtazama mama anayesuka ukili ataelewa shida yake: ukikosea hesabu mara moja, kosa linasafiri hadi mwisho. Lakini msukaji akikosea hufumua. Mchongaji hana cha kufumua. Kwa hiyo kazi ilianza kwa kupima kabla tindo halijagusa jiwe: mistari ya miraba ilichorwa usoni, vidoa vikatobolewa pale nyuzi zinapokatana, na violezo vikatumika ili sura ileile irudi kwa kipimo kilekile. Watafiti waliopima mawe ya kaskazini mwa Uingereza wamekuta sura za mawe tofauti zikilingana kabisa, dalili kwamba kiolezo kimoja kilihama na fundi wake kutoka kijiji hadi kijiji.

Halafu rangi. Tumezoea kuyaona mawe haya yakiwa na rangi yake ya asili, nasi tukayapenda hivyo, lakini yalipokuwa mapya mengi yalipakwa rangi. Mabaki yake yapo. Mwaka 2003, chini ya sakafu ya kanisa kuu la Lichfield, ulifukuliwa mchongo wa malaika wa tangu karibu mwaka 800, na kwa kuwa ulifichwa ardhini, rangi zake bado zinaonekana. Fikiria basi msalaba wa mita nne, mwekundu na mweupe na manjano, juu ya majani mabichi, katika nchi ambayo nyumba zake nyingi zilikuwa za miti na udongo. Haukuwa kitu cha kupita bila kugeuza shingo.

Ufundi huu ulikuwa na ukoo. Katika karne ya 7 kaskazini mwa Uingereza watu walijenga kwa mbao, na majengo ya mawe waliyoyaona yalikuwa magofu ya Warumi. Mtawa Benedict Biscop alipoanzisha monasteri ya Wearmouth mwaka 674, ilibidi avuke bahari kwenda kuwatafuta waashi wa mawe huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kizazi kimoja au viwili baadaye, wenyeji walikuwa wakichonga mawe yanayowashangaza watu hadi leo. Msalaba wa Bewcastle ni mojawapo ya hayo. Upo kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Cuthbert, ndani ya iliyokuwa ngome ya Warumi, kaskazini ya ukuta wa Hadrian, pahala pa upepo na kondoo. Kichwa chake kimepotea, lakini shina lipo. Upande wa magharibi yuko Yohane Mbatizaji na mwanakondoo wake, chini yake Kristo amesimama juu ya wanyama wawili, na chini kabisa mtu mwenye ndege, ambaye wataalamu wanagombana kama ni Yohane Mwinjili na tai wake au ni bwana mmoja na ndege wake wa kuwindia. Upande wa kusini, katikati ya mizabibu, kuna saa ya jua, ya kale kuliko zote zilizobaki Uingereza. Hebu tazama akili hiyo: fundi alijua upande upi jua litapiga, akaupa kazi.

Karne mbili baada ya hapo wakaja Waviking, mabaharia wa Skandinavia. Wale walioingia Cumbria wengi walipitia Ireland na Kisiwa cha Man, wakakuta makanisa na misalaba, na wengi wao wakabatizwa. Vitabu vya historia hupenda kulieleza jambo hili kwa sentensi moja. Jiwe la Gosforth linalieleza kwa pande nne, na kwa maoni yangu hakuna maandishi ya wakati ule yanayolieleza vizuri zaidi.

Upande wa magharibi, chini, mtu amefungwa amelala. Juu yake kuna nyoka. Mbele yake mwanamke amepiga magoti ameshika bakuli. Huyu ni Loki, mungu wa hila, aliyesababisha kifo cha mungu mwenzake, Baldr. Miungu wenzake walimfunga na kumtundikia nyoka anayedondosha sumu juu yake, na mkewe Sigyn akakaa kando akiikinga kwa bakuli. Bakuli likijaa huenda kulimwaga, na kwa muda huo mfupi sumu humfikia mumewe, naye hutikisika kwa uchungu hadi nchi ikatetemeka. Ndivyo watu wale walivyolieleza tetemeko la ardhi. Hadithi hii tunaijua kwa urefu kutoka kwa Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeiandika karibu mwaka 1220. Jiwe lilitangulia kitabu kwa karibu karne tatu.

Zunguka hadi mashariki. Huko yuko Víðarr, mwana wa Odin, mkuu wa miungu. Siku ya mwisho ya miungu, mbwa mwitu Fenrir amemmeza Odin, na mwanawe anakuja kulipiza kisasi: mguu umekanyaga taya la chini la mnyama, mkono umeshika taya la juu, na kinywa kinapasuliwa. Chini ya tukio hilo, upande uleule, yuko Kristo. Amenyoosha mikono, ubavuni anatoka damu. Miguuni pake kuna watu wawili. Mmoja ni askari mwenye mkuki. Mwingine ni mwanamke mwenye vazi refu linaloburuta na nywele zilizofungwa nyuma, ameshika chombo. Wengi humwita Maria Magdalena na chupa yake ya marhamu. Lakini mavazi yake ni ya wanawake wa Skandinavia, wale wanaoonekana kwenye vipande vidogo vya fedha wakiwapokea mashujaa kwa pembe ya kinywaji.

Sasa tazama kitu ambacho hakipo. Kristo huyu hana msalaba. Nyuma yake hakuna mti, hakuna misumari. Amesimama ndani ya fremu ya kamba, mikono yake ikiigusa. Fundi aliyeweza kuchonga nyoka, bakuli na taya la mbwa mwitu kwenye uso mwembamba kiasi kile hakushindwa na vipande viwili vya mbao. Ameuacha makusudi, kwa sababu jiwe lote ndilo msalaba. Anayeinua macho kutoka kwenye ile sura ndogo anakutana na kichwa chenye duara juu angani, na hapo maana inakamilika.

Ametueleza nini basi? Wako waliosema alikuwa Mkristo nusu, mtu aliyeshika dini mpya kwa mkono mmoja na ya zamani kwa mkono wa pili. Mimi siamini hivyo. Mtu wa nusu-nusu angetawanya sura popote palipopata nafasi. Huyu amezipanga. Loki aliyefungwa ni uovu uliofungwa unaosubiri siku yake. Kanisa lilihubiri habari hiyohiyo kuhusu Shetani. Mwana anayempasua taya mnyama aliyemmeza baba yake amewekwa juu ya Mwana anayekishinda kifo. Mwanamke mwenye bakuli upande mmoja, mwanamke mwenye chombo upande wa pili, na kati yao msikilizaji aliyekua akisimuliwa habari za Sigyn usiku wa baridi. Fundi hakuwaambia watu wake kwamba babu zao walikuwa wajinga. Alichukua kile walichokijua kwa moyo, akakiweka mahali ambapo kinafungua mlango, na hakuandika neno hata moja kueleza. Padri aliyesimama pale angeweza kuzunguka jiwe akihubiri, lakini hoja yenyewe ilikuwa imekwisha kupangwa na mtu wa tindo.

Ni ajabu kwamba hoja hiyo ilikaa karne nyingi bila msomaji. Ukoga uliyafunika mawe, watu wakazikwa kando yake, na simulizi za Loki zikasahaulika. Msalaba mwingine uliokuwa katika uwanja huohuo ulikatwa katika karne ya 18 ukafanywa kishikio cha saa ya jua. Ni katika miaka ya 1880 ndipo daktari wa mtaa ule, Charles Arundel Parker, na padri mwenye kupenda mambo ya kale, William Slater Calverley, waliposafisha na kutazama, wakatambua wako mbele ya nani. Calverley akachongesha nakala nzima, mwaka 1887, ikasimamishwa katika uwanja wa kanisa lake huko Aspatria. Hilo nalipenda kuliko makala zake zote: alielewa kwamba njia moja ya kuisoma kazi ya mikono ni kuirudia kwa mikono.

Misalaba mingine haikupata bahati ya kusahauliwa. Ule wa Ruthwell, kusini mwa Scotland, ulichongwa katika karne ya 8, una urefu wa zaidi ya mita 5, na kandokando ya mizabibu yake kuna maandishi ya runi, herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya: mistari ya shairi la Kiingereza cha kale ambamo msalaba wenyewe ndio unaosimulia mateso ya Kristo. Shairi hilo kwa ukamilifu zaidi limehifadhiwa katika kitabu cha mkono kilichoko Vercelli, Italia. Jiwe linalosema, basi, na linasema kwa sauti yake. Mwaka 1640 baraza kuu la Kanisa la Scotland liliamuru livunjwe kama sanamu ya ibada potofu, na mwaka 1642 likavunjwa. Vipande vikalala kanisani na uwanjani, watu walivikalia. Huko Uingereza nako Bunge lilitoa amri ya namna hiyo mwaka 1643, na ndiyo sababu katika viwanja vingi vya parokia utakuta ngazi za mawe na kishimo cha kusimikia, na msalaba haupo.

Aliyeuunganisha tena msalaba wa Ruthwell ni mchungaji wa huko, Henry Duncan, mtu asiyetulia. Mwaka 1810 alikuwa ameanzisha hapohapo kijijini benki ya akiba kwa ajili ya watu maskini. Mwaka 1823 akausimamisha msalaba bustanini kwake, mikono iliyokosekana akaichongesha upya. Miaka michache baadaye akaieleza jamii ya wanasayansi wa Edinburgh habari za nyayo za mnyama wa kale zilizogandamana kwenye jiwe jekundu la mchanga kutoka machimbo ya jirani. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba macho yaliyozoea runi zilizofifia ndiyo yaliyoziona nyayo zile. Mwaka 1887 msalaba uliingizwa ndani ya kanisa, ukachimbiwa shimo sakafuni ili utoshe, na hadi sasa uko humo, mkavu, salama.

Hapo kuna ugomvi ambao sina jibu lake rahisi. Gosforth na Bewcastle bado ziko mvuani. Kila mwaka uso wa jiwe unapoteza chembe, na kuna mistari ambayo leo inaonekana vizuri zaidi kwenye nakala ya plasta iliyochukuliwa katika karne ya 19, iliyoko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuliko kwenye jiwe lenyewe. Mhifadhi atasema uingizwe ndani, naye ana haki. Lakini saa ya jua ya Bewcastle itafanya nini chini ya paa? Na kazi iliyopangwa ili mtu aizunguke, jua la asubuhi likiipa kina sura ya mashariki na la jioni ile ya magharibi, ikiangazwa na taa moja isiyohama itabaki nusu. Nikilazimishwa, nitauacha wa Gosforth nje, nikijua kwamba wajukuu wangu wataona machache kuliko mimi.

Tunaosoma Kiswahili tunao msalaba wa mawe wa kale hapa kwetu. Uko Malindi, juu ya mwamba unaoingia baharini, wa jiwe la chokaa la Ureno lenye nembo ya mfalme wake, ulioletwa na meli za Vasco da Gama mwishoni mwa karne ya 15. Mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya msikiti wa Ijumaa, kuna makaburi ya mnara ya Waswahili. Msalaba ule ulikuja ukiwa umeshachongwa kwao, na ujumbe wake ni wa mwenye nchi: sisi tumefika. Haukuuliza hadithi ya mtu yeyote pwani. Nikiulinganisha na Gosforth naona tofauti kubwa kuliko ile ya karne tano.

Majina ya mafundi, kwa kawaida, hayapo. Kule Monasterboice, Ireland, msalaba mkubwa unamwombea dua Muiredach, ambaye kwa agizo lake ulichongwa. Huenda ni abati aliyekufa mwanzoni mwa miaka ya 920. Mchongaji hatajwi. Alijaza jiwe lile Siku ya Hukumu nzima, na chini ya shina, karibu na maandishi yenyewe, akawaweka paka wawili waliolala. Hakuna aya ya Biblia inayowahitaji paka hao. Nadhani ni hapo alipoweka sahihi yake.

Gosforth hakuna paka wala sahihi. Ndani ya kanisa kuna jiwe lenye mungu Thor akivua samaki kwa chambo cha kichwa cha ng'ombe, na yapo mawe mawili ya kaburi yenye umbo la nyumba, na wapo wataalamu wanaoona mkono uleule katika kazi hizi zote. Ng'ambo ya maji, Kisiwa cha Man, kanisa la parokia la Michael lina msalaba wa miaka hiyohiyo wenye maandishi ya runi. Yanasema Melbrigda, mtoto wa mhunzi, aliusimamisha kwa ajili ya roho yake, kisha yanaongeza kwamba Gaut ndiye aliyeuchonga huu na yote iliyomo Man. Yote! Nampenda Gaut kwa majivuno yake, na minyororo yake ya nakshi imenyooka kiasi kwamba sioni wa kumkatalia. Ila ni nakshi tupu, hakuna hata sura moja ya mtu. Ningekuwa na jiwe na fedha, na nikitaka msuko usio na dosari, ningevuka kwenda kwa Gaut. Nikiwa na jambo ambalo mimi mwenyewe sijajua pa kulianzia, ningekwenda kwa yule wa Gosforth, nikubali mapema kwamba atalisema zaidi ya nilivyomtuma, na kwamba atanidai fedha ya ziada kwa wembamba.